Simiti ya Kibirichia

Nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Bado sijaanza kusahau, lakini nimeelewa mnachomaanisha. Siku ya kuniaga kulikuwa na keki na hotuba, na kati ya wote waliosimama hakuna hata mmoja aliyesema nilikuwa nafanya nini hasa. Mmoja alisema nimewatumikia wakulima, mwingine akasema nimelitumikia taifa. Basi nianze hapo.

Nilikuwa mkaguzi wa vituo vya kupima hali ya hewa. Nilizunguka kutoka Mbeere, nilikozaliwa na ambako jua halina huruma, hadi Kibirichia juu kabisa, ambako mtu wa Mbeere huvaa sweta mbili na bado akaombea chai. Kazi ilikuwa kuhakikisha kwamba kipimo kilichoandikwa Kianjai na kile kilichoandikwa Githongo vinaweza kulinganishwa bila aibu. Sikuwahi kutabiri mvua. Nililisema hilo kila soko nililopita, na kila soko watu walidhani nawaficha.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa Embu na fundi mkuu, Mzee Njagi, mtu mfupi aliyeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Alichukua vipimajoto viwili vinavyofanana. Kimoja akakilaza juu ya boneti ya gari juani, kingine akakiweka ndani ya lile sanduku jeupe lililosimama kwa miguu minne katikati ya nyasi. Tukanywa chai. Tuliporudi, vilitofautiana sana. Akaniuliza kipi kinasema kweli.

"Cha kwenye boneti," nikasema. "Si hapo ndipo jua liko?"

"Hicho kinakuambia vile kioo chake kimechomeka," akasema Njagi. "Sisi hatukutumwa kupima kioo. Tumetumwa kupima hewa."

Ndiyo maana sanduku ni jeupe, ili lirudishe mwanga. Kuta zake ni vibao vilivyoinamishwa, upepo upite ndani lakini jua lisipite. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lina milango miwili, mmoja kaskazini na mwingine kusini, maana jua huhama upande kulingana na mwezi na msomaji wa vipimo hafai kulifungulia mlango. Lisimame juu ya nyasi fupi, mbali na ukuta, mbali na mti, mbali na kila kitu ambacho binadamu hupenda kujenga. Hilo la mwisho ndilo lililonila miaka mingi.

Kwa sababu binadamu wa kwetu akiona sanduku jeupe limesimama peke yake, hulionea huruma. Kule Mbeere waliliona ni mzinga wa kisasa, na nyuki nao wakakubaliana nao. Nilifika siku moja nikamkuta msomaji wetu amevaa gunia kichwani, anasoma kipimajoto kwa mbali na kuandika kwa kukisia. Kwingine walianikia nguo za watoto juu yake. Chuo kimoja kilipanda mti pembeni kila mgeni mheshimiwa alipotembelea, na wageni waheshimiwa walikuwa wengi, hadi sanduku likawa linapima hali ya hewa ya msituni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wenye nia mbaya ningewashtaki tu kwa chifu.

Mama Kendi nilimkuta Kibirichia mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye uwanja wa kanisa. Kituo kiliwekwa pale kwa sababu kanisa lilikuwa na ua na uwanja mpana wa nyasi. Yeye alikuwa mkulima wa viazi na mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na alikubali kusoma vipimo kwa malipo ambayo hayangenunua sabuni. Kendi mwenyewe alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso, anamvuta mama yake sikio huku mama akijaribu kusoma.

"Muga, Bwana Ireri," alinisalimu kwa Kimeru, kisha akahamia Kiswahili kwa kunihurumia, maana sisi watu wa Embu na Mbeere tunasikia Kimeru nusu nusu. "Hii kazi yako si ngumu. Ni kuamka tu. Na mimi naamka hata bila serikali."

Nilimfundisha kipimo cha baridi ya usiku. Ndani ya kile kioo kuna spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti chembamba. Usiku ukipoa, spiriti inarudi nyuma ikikiburuta kijiti. Asubuhi joto likipanda, spiriti inaendelea mbele lakini kijiti hubaki pale pale kilipofikishwa na baridi. Saa tatu asubuhi unasoma kijiti kilipo, unaandika, kisha unainamisha kioo ili kijiti kirudi mwanzo na kuusubiri usiku mwingine. Aliinamisha vizuri mara ya kwanza. Wengi hukitikisa kama chupa ya dawa.

Katika ziara hizo ndipo nilipoelewa somo ambalo nilikuwa nimelikariri shuleni bila kulielewa. Mama Kendi hakuogopa mawingu wala upepo. Aliogopa anga safi. Miezi ya kiangazi, jua likizama bila wingu hata moja, alikuwa anatoka na kufunika miche ya kabeji kwa nyasi kavu, kwa sababu alijua asubuhi ataamkia sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza majani ya viazi yakawa meusi.

"Sasa wewe mwenye kusoma, niambie," aliniambia. "Mchana jua ni lile lile. Mbona usiku wa mawingu nalala vizuri, na usiku wa nyota viazi vinakufa?"

Nilimweleza vile Njagi alivyonieleza. Jua huleta mwanga, mwanga huipasha moto ardhi, na ardhi hurudisha joto hilo juu, mchana na usiku, kwa njia ambayo jicho haliwezi kuiona. Anga likiwa safi na kavu, joto hilo hupanda na kwenda zake. Mawingu na mvuke wa maji hulikamata njiani na kurudisha sehemu yake chini. Nyasi zake juu ya miche hazileti joto lolote. Zinazuia tu lile la udongo lisiondoke haraka.

"Kwa hivyo mawingu ni nyasi ya Mungu," akasema. Nikamwambia sayansi haijaiweka hivyo, lakini sina pingamizi.

Miaka ikapita na nikapelekwa kozi Nairobi, ambako mhadhiri mmoja mwenye sauti ya usingizi alitueleza kilichobaki. Hewa nyingi inayotuzunguka haishughuliki na joto la ardhi, inaliacha lipite. Wanaolikamata ni wachache: mvuke wa maji, hewa ya ukaa inayotoka kwenye kila kitu kinachoungua, na gesi nyingine chache. Ni wachache sana, lakini bila wao dunia nzima ingekuwa Kibirichia ya usiku wa nyota, imeganda. Taabu ni kwamba tangu watu waanze kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu kwa wingi, hewa ya ukaa imeongezeka, na ikishaongezeka haiondoki upesi. Mvuke hurudi chini kama mvua baada ya siku chache. Ukaa hukaa hadi vitukuu. Mtu mmoja akauliza kama labda ni jua lenyewe ndilo limezidi. Mhadhiri akasema kama lingekuwa jua, hewa ya juu kabisa nayo ingepata moto. Lakini vipimo vinaonyesha ile ya juu inapoa na hii ya chini inapata joto, kama inavyotarajiwa joto likizuiwa huku chini. Nilifurahi sana siku ile, nakiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuona sanduku letu jeupe linahusika na jambo kubwa namna hiyo.

Wageni wote, kwa njia, huniuliza theluji ya Mlima Kenya. Imepungua, kila mwenye macho anaona. Lakini theluji haikuwa kazi yangu, na barafu hupunguzwa pia na uhaba wa mvua. Mimi niliachiwa kijiti ndani ya spiriti.

Sasa simiti. Mkubwa wetu kutoka makao makuu alitaka kutembelea vituo, na kwa heshima nikawajulisha Kibirichia mapema. Hilo lilitosha. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na matope ya Kibirichia humvua mtu kiatu. Akina mama wa kanisa walikutana, wakaona ni fedheha mgeni wa Nairobi aje azame mbele ya sanduku lao. Simiti ilikuwa imebaki kwenye ujenzi wa sakafu ya kanisa. Nilipofika na mkubwa, nyasi zote zilikuwa zimetoweka. Sanduku lilikuwa limesimama katikati ya sakafu pana, laini, ya kijivu, yenye michoro ya maua pembeni, na akina mama wamepanga viti juu yake, wanaimba.

Njagi alikuwa amestaafu. Nilitamani awepo, hata kama asingesema kitu. Simiti hunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, ikiupasha joto usiku ule ule tuliotumwa kuupima. Nilimnong'oneza mkubwa. Mkubwa alikuwa anakula mukimo juu ya simiti hiyo, viatu vyake vikavu, na akasema kwa sauti kwamba hajaona kituo kilichotunzwa hivi. Alituma barua ya shukrani. Niliandika ripoti kuomba simiti iondolewe, na ripoti ikasomwa na kabati. Mama Kendi aliitia barua ile kwenye fremu, akaitundika ndani ya kanisa. Ningeibomoaje simiti hiyo?

Akaendelea kusoma. Nilibadilishiwa gari, magoti yangu yakaanza kelele, kompyuta zikaja. Na pamoja na kompyuta akaja Mutuma, ambaye wengi wenu mnamjua, kijana wa Githongo mwenye digrii na asiye na subira. Alichora mstari wa joto la usiku la kila kituo, tangu mwanzo. Aliponiita kwenye meza yake, mstari wa Kibirichia ulikuwa unapanda taratibu, kisha mahali fulani unaruka kama mtu aliyekanyaga ngazi.

"Hapa kuna kitu, mzee," akasema Mutuma. "Hali ya hewa hairuki hivi. Hii station imeharibika. Naitoa kwa list."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mruko ulianza pale pale akina mama walipomwaga simiti. Lakini upande ule wa mlima hatukuwa na kituo kingine chenye miaka mingi kama hiyo, na kukitoa kulikuwa sawa na kumwambia Mama Kendi kwamba asubuhi zake zote zilikuwa bure. Nilimwambia Mutuma tusitupe, tupime simiti yenyewe. Alifikiri kidogo. Kisha akaniambia ni namna gani, kwa hesabu ambazo sikuzifuata zote, na tukakubaliana.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Mama Kendi. Nilimkuta uwanjani akitembea na fimbo, mgongo umeinama kidogo. Nilimweleza kila kitu, pamoja na barua iliyo kwenye fremu. Nilitarajia machozi. Aliitazama ile sakafu, kisha, akiniita kwa jina la mwanangu kama alivyozoea, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Baba Wanja, kwa hivyo joto imeongezeka sababu ya simiti?"

"Sehemu fulani, ndiyo. Sehemu gani, hatujui bado."

"Ai, asante Mungu," akasema. Uso wake ukafunguka.

Nikamuuliza kunani. Ndipo akanieleza habari za Kendi. Binti alikuwa ameacha kazi ya duka Meru mjini na kurudi nyumbani kupanda viazi vya mbegu, kwa ushauri wa mama yake mwenyewe, akiwa ameweka kila alichonacho kwenye lile shamba. Msimu uliopita viazi vilianza kunyauka vikiwa bado kijani, ugonjwa ambao zamani ulikuwa wa watu wa chini, si wa Kibirichia. Afisa wa kilimo aliwaambia bakteria wa ugonjwa huo wanapenda joto, na kama usiku umeanza kuwa na joto huku juu, wataendelea kupanda. Mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa haiuziki. Mama Kendi alikuwa amekaa na vipimo vyake mwenyewe, akaona namba zinapanda, na akaogopa kumwambia mtoto.

"Lakini kama ni simiti," akasema, "basi usiku ni ule ule wa zamani, na labda ni mbegu mbaya tu walimuuzia. Tunatafuta mbegu ingine, tunaendelea. Si ndio?"

Nikamwambia tusubiri. Sikumpa tumaini wala kumnyima. Nilisimamisha sanduku la pili upande wa chini wa uwanja, juu ya nyasi, mbali na sakafu, lenye vipimo vipya kutoka karakana. Kila asubuhi saa tatu alisoma la juu na la chini. Tulifanya hivyo mvua ndefu, kiangazi, mvua fupi na kiangazi tena, kwa sababu simiti iliyolowa haifanani na simiti kavu. Sanduku la juu lilikuwa na joto zaidi usiku, kama tulivyotegemea, hasa usiku wa nyota baada ya mchana wa jua kali. Tofauti ile ndiyo ilikuwa sehemu ya simiti.

Kisha Mama Kendi mwenyewe akadai simiti ivunjwe. Nilimwambia si lazima kwa hesabu, ingawa ingetupa uhakika. Akasema hataki kuiona. Vijana wa kanisa wakaja na nyundo, akina mama wale wale waliokuwa wameimba wakabeba vipande kwa karai hadi kwenye shimo la barabara, ambako kwa mara ya kwanza simiti ile ilifanya kazi yake. Waliondoa fremu ukutani bila kuambiwa. Nyasi zilipoota tena, masanduku mawili yakaanza kusema lugha moja, na Mutuma akafurahi kama mtoto. Akatoa sehemu ya simiti kwenye miaka yote iliyofuata ile karamu, akachora upya, akaweka pembeni mistari ya vituo vya Meru na Embu.

Mruko ulitoweka. Ngazi haikuwepo tena. Ila mstari haukulala. Ulipanda taratibu tangu siku za Kendi mgongoni, kabla ya simiti na baada ya simiti, kiasi ambacho mtu hawezi kukisikia kwenye ngozi yake lakini bakteria kwenye udongo anaweza. Ulipanda sambamba na vituo vingine. Mutuma aliniambia kituo kinabaki, na tena ni miongoni mwa vile anavyoviamini zaidi, kwa kuwa sasa tunajua kosa lake kwa kipimo. Kwa kazi yetu huo ulikuwa ushindi. Nilijua naupeleka kwa mtu ambaye hautakuwa ushindi kwake.

Nilifika Kibirichia asubuhi. Mama Kendi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, fimbo magotini. Nilimwonyesha karatasi ya Mutuma. Alikuwa amesoma vipimo kwa miaka mingi, mstari haukumshinda. Aliufuata kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia, polepole, kisha akarudi mwanzo.

"Kituo chako kimebaki, Mama Kendi," nikasema. "Vipimo vyako ni vizuri. Vitatumika."

"Na si simiti."

"Ilikuwa kidogo simiti. Hii iliyobaki si simiti."

"Ni nini?"

"Ni ile nyasi ya Mungu tuliyoongea, inayotufunika huko juu. Imekuwa nzito. Moshi wa dunia nzima, wa viwanda na magari, si wa hapa peke yake."

Huko chini, nyuma ya ua, Kendi alionekana shambani akiinua mashina ya viazi moja moja na kuyatazama. Mimi si mtu wa maneno mengi ya huruma. Nilihuzunika, basi.

"Mimi nilikuwa naomba iwe simiti," akasema. "Kanisa mzima niliambia waombe. Simiti tulivunja na nyundo, ikaisha. Sasa hii ingine, Baba Wanja, mtavunja na nini?"

Aliangalia saa yake, akajiinua kwa fimbo. Saa tatu ilikuwa imefika. Akatembea kwenye nyasi hadi kwenye sanduku, akafungua mlango, akainama, akasoma, akaandika, kisha akainamisha kioo ili kijiti kirudi mwanzo. Akafunga mlango vizuri. Halafu akashika njia ya shambani kwenda kumwambia Kendi.